Chungu Kilichofunikwa Uwele Ulipochanua

Mimi ndiye niliyesema kwamba ndege wanamsikia Minza. Nilisema kisimani, mtungi wangu haujajaa, na nilisema kwa kumsifu. Naanza na hilo kwa sababu wengine wakisimulia habari zake huanza na ndege, kana kwamba maneno hayakutangulia.

Minza ni jirani yetu. Kati ya uwanja wake na wetu pana mstari wa minyaa tu, nao una pengo waliloliacha mbuzi, mtu anapita kwa ubavu. Niliolewa hapa na Bujiku mwaka wa hamsini na moja, nikiwa nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kumsalimu kama mama. Nikapiga goti, nikasema, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia vizuri. Kisha akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akapaza sauti kuvuka minyaa:

"Bujiku! Kumbe umeoa msomi! Basi jioni atakusomea ugali ushibe!"

Ndivyo alivyo. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kikopo cha ugoro kiunoni, na ulimi ambao haukai. Kwa watu mkono wake ni mzito. Ukimwomba chumvi anakupa ya kuonja. Ukimrudishia ungo anaugeuza huku na huku kama uliutafuna. Lakini kila asubuhi akimaliza kusaga, alikuwa akikusanya pumba na chenga zilizobaki kando ya jiwe, anatoka nazo nyuma ya nyumba, anazimwaga kwenye udongo alioufagia vizuri kuliko anavyofagia mlangoni kwake. Hapo alikuwa ameweka nusu ya chungu kilichopasuka, kipana, amekizika kidogo kisiyumbe, na ndani yake maji.

Kiangazi, mito ikiwa mchanga mtupu, ndege wa nchi nzima walikuja kwenye kile chungu. Tetere walikuja kwanza, wawili wawili, wakitembea kwa adabu kama wakwe. Walifuata chiriku, na vile vindege vya samawati visivyozidi kidole gumba. Saa nne vilishuka vikasuku vya kijani vyenye vichwa vyekundu, vikali, vikasukuma wengine wote. Kwezi alioga mpaka maji yakaisha, na Minza akamtukana, "We mwana wa nani, umeoga peke yako?" kisha akaenda kuongeza maji aliyoyabeba kichwani mwendo wa maili moja.

Mvua za kwanza zikinyesha, ndege walipungua. Walikuwa na kumbikumbi na mbegu za nyasi. Minza aliendelea kumwaga pumba kidogo, kwa wale wazee, alisema, wasioweza kwenda mbali. Halafu Februari, uwele ukianza kuchanua, alifanya kitu ambacho nilikiona mwaka wa kwanza nikadhani ni usafi tu. Alikifukua kile chungu, akamwaga maji, akakifunika kifudifudi. Pumba zote akawapa kuku ndani ya banda.

Nilimwuliza kwa nini.

"Sasa chakula kiko mashambani," akasema. "Nikiwaita hapa, wakitoka hapa watakwenda wapi? Kwa Bujiku. Ndege nampa changu. Siwezi kumpa cha jirani."

Chungu kikakaa kimefunikwa mpaka watu walipomaliza kuvuna na kupura. Mwaka wa pili akafanya vile vile. Mimi nilikuwa nikinyonyesha mwanangu Bernadina, nimekaa upande wetu wa pengo, na mtu anayenyonyesha huona mengi kwa kuwa hana mahali pa kwenda.

Siku moja ndipo aliponieleza ilivyoanza. Mumewe Maganga alikwenda Geita kwenye machimbo ya dhahabu wakati wa vita, naye akamfuata, akakaa huko miaka minne akipika na kuuza uji kwa wachimbaji. "Kule kinu kinaponda mawe mchana na usiku," alisema. "Miaka minne sikusikia tetere." Maganga alirudi nyumbani na kikohozi. Wakaenda Kolandoto hospitalini, wakapewa dawa, wakarudi, kikohozi kikarudi nao. Mwisho akawa analala tu mlangoni, uso nje.

"Mwanamume asiye na kazi anakuwa mchungu," Minza alisema. "Nikamtafutia kazi. Nikamwaga pumba mbele ya mlango nikamwambia, haya mzee, wewe mwangalizi, niambie leo wamekuja wangapi. Basi akawa na shughuli. Nikirudi kisimani ananiambia, leo kumi na saba, na mmoja kilema. Akafa mwezi wa nane. Kesho yake asubuhi, matanga hayajaisha, wakaja. Wamesimama pale mlangoni wananitazama. Ningewaambia nini?"

Akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema macho yake yanamwasha.

Sasa yale maneno yangu. Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa hamsini na mbili, kisimani, na Zipora alikuwepo. Zipora ni wifi yangu, dada yake Bujiku, aliyerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, ana shamba lake karibu na letu. Wanawake walikuwa wakisema Minza ni mchoyo. Mimi nikataka kumtetea. Nikasema, "Hamumjui. Akitoka na ungo akipiga ulimi hivi, ndege wanashuka wote. Wanamsikia kuliko watoto wanavyotusikia sisi."

Zipora akacheka. "Wifi, basi mwambie atuitie na mvua." Tukacheka wote, tukajitwika mitungi, tukaenda zetu.

Mwaka uliofuata uwele ulikuwa mzuri. Masuke yalikuwa marefu kama mkono wa mtoto, na mpaka Aprili watu walikuwa wanatengeneza vihenge vipya. Watoto walikuwa juu ya vichanja mashambani wakiamia ndege kwa makopo na teo, lakini walikuwa wakicheza zaidi, kwa kuwa ndege walikuwa wachache.

Jioni moja Minza akapita kwenye pengo, jambo ambalo si kawaida yake, kwa maana yeye huita tu. Bujiku alikuwa anachonga mpini.

"Bujiku, kata uwele wako."

"Haujakauka, mayu."

"Kata hivyo hivyo. Uanike juu ya paa. Tangu jana mwewe wote wanakwenda upande mmoja, kule mbugani kwenye miiba. Wanakwenda kama watu waliosikia kuna msiba. Mwewe hawaendi hivyo bure, kule kuna kwelea wa kuwala."

Bujiku akacheka kidogo kwa heshima. Minza akaenda kwa Zipora, akaenda kwa Masele, akaenda nyumba zote za upande wetu. Masele ndiye nsumba ntale, mkuu wa vijana, anayepanga zamu za kulimiana na anayesema nani kakosa na nani hajakosa. Nasikia alimjibu, "Mayu, rudi ulale, wewe huna hata shamba la maana la kuogopea."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewaona wale mwewe nilipokuwa naanika nguo za mtoto. Alfajiri nikamfunga Bernadina mgongoni nikaenda kukata. Bujiku alinuna, lakini saa tatu akaja na kisu chake. Tulikata siku mbili. Tulikata kama nusu ya shamba, mbichi, tukaanika juu ya paa na juu ya mawe, na Zipora akipita alisema, "Wifi, mnavuna maziwa?"

Siku ya tatu walikuja.

Mwanzo nilidhani ni moshi wa mtu anayechoma majani. Ule moshi ukageuka, ukainuka, ukashuka, na sauti yake ikafika, kama mvua inayopiga majani makavu. Tulikimbia wote, wazee na wajawazito, tukapiga makopo, sufuria, ngoma, mpaka mikono ikavimba. Wakiruka hapa wanatua pale. Mashina yalilala kwa uzito wao. Siku nne. Walipoondoka, masuke yalikuwa yamesimama meupe, matupu, kama vijiti vya kusafishia bunduki. Zipora alikaa katikati ya shamba lake hakutaka kuinuka. Nilimshika bega, akalitoa.

Baada ya wiki moja tukaitwa kwenye uwanja wa Masele.

Wanaume walikaa kwenye viti vyao vya miguu mitatu, wanawake chini upande wetu. Minza aliwekwa peke yake katikati, amekaa miguu mbele, kikopo cha ugoro mkononi. Masele alikuwa hana sauti ya hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Mayu Minza. Tunauliza tu. Wewe ulijuaje?"

"Niliona mwewe."

"Sisi hatuna macho?"

"Macho mnayo. Mlikuwa mnatazama vihenge."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza haraka.

"Unalisha ndege," Masele akasema.

"Nalisha."

"Mwaka mzima?"

"Si mwaka mzima."

"Nani anajua kama si mwaka mzima?"

Minza akageuza kikopo chake mkononi. Hakugeuka kunitazama. Nimelifikiria sana jambo hilo. Angegeuka, kila mtu angejua pa kuniangalia. Aliangalia kikopo chake tu.

Hapo Zipora akasimama. Hakuwa mwongo, na sitamsingizia. Alikuwa amepoteza chakula cha mwaka na macho yake yalikuwa yamevimba. "Mke wa kaka yangu alituambia mwenyewe kisimani," akasema. "Huyu akipiga ulimi ndege wanashuka. Wanamsikia. Aulizwe."

Masele akanigeukia. "Mama Bernadina, ulisema au hukusema?"

Nilikuwa na mtoto kifuani. Bujiku alikuwa upande wa wanaume, na nikamwona anatazama chini. Nikajua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria: kati ya nyumba zote pale, yenye uwele ndani ilikuwa yetu peke yake. Watu walikuwa wameshaanza kuuliza kwa nini sisi tulikata na wao hawakukata. Neno moja la ziada, nasi tungewekwa katikati.

Nikasimama, nikasema, "Nilisema."

Nikakaa. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo baya zaidi nililowahi kusema. Kile chungu kilikuwa kimefunikwa tangu Februari. Nilikiona kila siku, na ukungu wa kijani ulikuwa umeota juu ya kitako chake. Nilikuwa shahidi peke yangu, na nikanyamaza.

Wakaamua atengwe mpaka mavuno mengine. Asiyejua desturi yetu atasema si kitu, hakupigwa, hakufukuzwa. Lakini aliyetengwa hasalimiwi. Akija kisimani, wengine wanasubiri mbali mpaka aondoke. Haombi moto kwa mtu. Ndiyo, viberiti vipo dukani kwa Mhindi, ila duka liko mbali, na moto wa jirani si wa kuwashia jiko tu. Akiugua haulizwi. Na atakayempa salamu au moto anaingia naye.

Kiangazi kikaja. Akakifunua chungu na kukigeuza, akaweka maji, na tetere wakarudi. Alikuwa hapigi ulimi tena. Aliweka tu akaingia ndani. Bernadina alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa akikimbilia kwenye pengo, anasimama, anaita, "Tete! Tete!" nami nakwenda kumbeba huku analia, na Minza yuko hatua kumi, ananiona, nami namwona, na kinywa changu kimefungwa. Kumpita mtu aliyekukaribisha kwa mzaha siku ya kwanza ya ndoa yako, bila kumwambia hata mwangaluka, ni kazi. Mgongo unauma kama umebeba kuni.

Asubuhi moja mwezi wa saba nikaona chungu kikavu. Tetere walikuwa wamekizunguka, wamesimama, hawaendi. Nikatazama paa lake. Hapakuwa na moshi. Nikajiambia amelala. Adhuhuri bado hapakuwa na moshi. Kesho yake vile vile, na wale tetere wakawa mlangoni kwake, nami nikakumbuka habari za Maganga.

Siku hiyo watu walikuwa wamekusanyika kwa Masele, wanapura mtama kidogo ule uliosalia. Nilichukua kigae, nikatia majivu, nikaweka makaa matatu ya moto, nikamfunga mtoto mgongoni. Ningeweza kupita kwenye pengo, mtu asinione. Nilisimama pale pengoni kitambo. Kisha nikageuka, nikapita njia kubwa, mpaka uwanjani kwa Masele, na kile kigae kinafuka mkononi.

Wakaacha kupura.

"Unapeleka wapi moto huo, Mama Bernadina?" Masele akauliza, ingawa alijua.

"Kwa Minza. Siku mbili hatoi moshi." Nikahamishia kigae mkono wa pili. "Tena kuna neno sikulisema siku ile. Chungu chake kilikuwa kimefunikwa. Tangu uwele ulipochanua mpaka ndege walipokuja, hakumwaga punje wala tone. Kila mwaka hufanya hivyo. Mimi nilikiona."

"Siku ile ulikuwa bubu?"

"Siku ile niliogopa."

"Na leo?"

"Na leo naogopa."

Zipora akatupa fimbo yake ya kupuria. "Wifi, uwele wako ulikushibisha, ndiyo maana una maneno!" Ni kweli tulikuwa tumeshiba. Tulimpelekea debe mbili, akazipokea, lakini chakula cha kupewa hakisahaulishi shamba.

Masele akasema polepole, kama anayenionea huruma, "Ukifika na moto huo, sheria unaijua."

Nikaenda.

Nilimkuta chini karibu na mafiga, mguu umevimba, alijikwaa akitoka kisimani. Jivu lilikuwa baridi. Nikapiga goti, nikasema, "Mwangaluka, mayu."

Aliyatazama kwanza makaa yangu, nikadhani hatajibu. Alikuwa na haki hiyo.

"Mwangaluka," akasema. "Kuni ziko pale. Na usiziweke zote, wewe hujui kubana." Nilipokuwa napuliza moto akaongeza, "Wamepata maji?"

"Nani?"

"We msomi gani? Ndege."

Nilimchemshia uji, nikamkanda mguu, kisha nikatoka nikajaza chungu. Bernadina alichuchumaa kando yake, mikono magotini, hakusogea hata chiriku mmoja alipokunywa karibu na kidole chake cha mguu.

Tangu siku hiyo nasi tukatengwa. Bujiku hakunipiga. Hakusema na mimi siku tatu, na siku ya nne akasema, "Ungeniambia kwanza." Nikasema, "Ungenikataza." Akasema, "Ndiyo." Lakini msimu wa kulima ulikuwa unakuja, na mtu mmoja hawezi kulima shamba la kutosha bila zamu ya vijana. Hakuna aliyekuja kwetu, wala yeye hakuitwa kwa mtu. Mwezi wa kumi akafunga mzigo. Alisema kuna watu wanakwenda Geita, machimboni wanaandika wafanyakazi.

Minza aliposikia alikuja kwa kuchechemea, kwenye pengo. Hakumkataza. Alimwambia tu, "Jifunge kitambaa puani, kila siku, hata wakikucheka. Maganga alikuwa anaona haya kuchekwa." Bujiku akapiga goti akapokea mikono yake. Kisha akaondoka kwa njia ya magharibi, na mimi nilibaki na jembe.

Tumelima sisi wawili, mimi na Minza, robo ya shamba tulilokuwa tukilima. Barua moja imekuja. Anasema hajambo, anafanya kazi chini, anasema usiku akilala anasikia kinu. Hakuandika habari ya kikohozi. Naisoma kila mara nikitafuta mahali ambapo labda alitaka kuiandika.

Wiki iliyopita uwele umeanza kuchanua. Asubuhi Minza akaniita, na mara hii hakuita kwa sauti ya kawaida. Alisimama katikati ya uwanja wake akaita kama anayeita watu kwenye moto:

"Mama Bernadina! Njoo uone! Na Zipora naye aje aone! Na Masele, kama ana nafasi!"

Nilipita pengoni. Alikuwa ameshakifukua chungu. Akamwaga maji chini, taratibu, akakiinua kwanza, kwa mikono miwili, mtu yeyote wa kisimani au wa njiani akione. Kisha akakifunika. Akakipiga kitako kwa kiganja, kikalia.

Masele hakuja. Nilipogeuka nilimwona Zipora ng'ambo ya minyaa, mtungi kichwani. Alikuwa amesimama. Nikamwambia, "Mwangaluka, wifi," maana mimi kumsalimu sikukatazwa, aliyekatazwa ni yeye kuitikia.

Hakuitikia. Lakini hakuondoka upesi. Alikitazama kile chungu, akatazama mashamba, akatazama juu, kule upande wa mbuga, kutafuta mwewe. Nami nikatazama alikotazama. Mbingu ilikuwa tupu. Kisha akageuka akaenda zake, na Bernadina akawa anazunguka kile chungu kilichofunikwa, anakigonga kwa kidole, anauliza, "Tete?"